Dohani inarudisha moshi, inachuruza lami au inanguruma: namna ya kutafuta chanzo

Dohani ina kazi moja, kuutoa moshi nje ungali moto. Moshi ukipoa njiani, ukibeba maji ya kuni mbichi au ukikosa hewa ya kuusukuma juu, taabu inaanza. Kasoro nyingi zilizoelezwa hapa, ukizifuata hadi mwisho, utazikuta zimeshika mzizi kwenye moja ya hayo matatu. Zilizobaki ni uchakavu wa dohani yenyewe.

Mwongozo huu ni wa nyumba za nyanda za baridi: Limuru, Molo, Nyahururu, Lushoto, Njombe, Makete. Huko utakuta dohani za namna mbili. Kuna ile ya mawe au matofali inayopanda kutoka meko ya sebuleni, na nyingine zimesimama tangu enzi za walowezi. Na kuna bomba la bati linalotoka kwenye jiko la kuni la kujengwa na kutokeza juu ya mabati. Wapo wanaoiita chimni. Ni kitu kilekile.

Kichwa kinauma, lakini moshi hauonekani

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linaloua. Ikiwa watu wawili au zaidi wameumwa kichwa, wamepata kizunguzungu, kichefuchefu au uchovu wa ghafla moto ukiwa unawaka, na wanapata nafuu wakitoka nje, usitafute malaria kwanza. Hiyo ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotokea kuni au makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha. Watoe watu wote nje, fungua milango, na aliyelegea au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Hatari ni kubwa zaidi moto unapofifia usiku. Moshi umekwisha, makaa yanang'aa, dohani imeanza kupoa na haivuti tena, na mwenye nyumba anafunga bati la koo, lile la kufungua na kufunga njia ya moshi juu ya meko, ili joto lisipotee. Hapo hewa ya sumu haina pa kwenda ila chumbani. Bati la koo lisifungwe mpaka majivu yawe baridi ya kushikika kwa mkono. Jiko la makaa nalo lisiingizwe chumba cha kulala kabisa, hata kama chumba kina meko. Makaa hayatoi moshi wa kuumiza macho, na ndiyo maana mtu hulala nayo bila kushtuka.

King'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri kinafaa kuwekwa karibu na vyumba vya kulala. Kihisio chake huchoka baada ya miaka 5 hadi 10, na tarehe ya mwisho huwa imechapishwa mgongoni. Isome kabla hujalipa.

Moshi unarudi chumbani

Swali la kwanza ni hili: unarudi lini?

*Wakati wa kuwasha tu, kisha unatulia.* Dohani imejaa hewa baridi na nzito, nayo inashuka badala ya kupanda. Hutokea zaidi kwa dohani iliyojengwa kwenye ukuta wa nje, ambayo pande tatu zinapigwa na baridi usiku kucha. Sokota kurasa tatu nne za gazeti, ziwashe na uzishikilie kooni kabisa, juu ya mdomo wa meko, kwa dakika moja au mbili. Utasikia hewa ikigeuka: ulimi wa moto unaoyumba kuelekea kwako utaanza kunyooka na kuvutwa juu. Hapo ndipo uwashe kuni.

*Milango na madirisha yakifungwa.* Fungua dirisha lililo karibu kwa sentimita 3 au 5. Moshi ukikoma ndani ya dakika mbili, dohani yako haina kosa. Nyumba ndiyo imekosa hewa. Tatizo hili limeongezeka kwenye nyumba za zamani zilizokarabatiwa, zikawekwa madirisha ya alumini, dari ya jipsamu na milango inayobana. Meko iliyokuwa ikivuta hewa kupitia nyufa za mbao sasa inaivuta kutoka dohani yenyewe. Feni ya kutoa hewa jikoni ikiwashwa nayo inanyang'anyana hewa na moto. Suluhisho la kudumu ni tundu la hewa ukutani, karibu na meko, lenye wavu wa kuzuia panya.

*Wakati wote, hata dirisha likiwa wazi.* Kwanza hakikisha hakuna kilichoziba: bati la koo limekwama, kiota, tofali lililoanguka, au masizi. Kama njia ni safi, pima. Eneo la tundu la dohani linatakiwa liwe angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Bomba la duara linaweza kuwa sehemu moja ya kumi na mbili, kwa kuwa moshi hauna pembe za kukwamia. Mfano: mdomo wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha 70 ni sentimita za mraba 6,300. Utahitaji tundu la mraba la 25 kwa 25, au bomba la duara lenye kipenyo cha sentimita 26. Fundi aliyejenga mdomo mpana kwa ajili ya uzuri, juu yake akaweka bomba la sentimita 15, amejenga mahali pa kukaushia nyama.

Kupanua dohani ni kazi ya kubomoa, kupunguza mdomo si kazi. Chukua kipande cha bati kinachofunika upana wa mdomo, vaa glavu, na moto ukiwa unawaka ukishushe polepole kutoka juu. Kuna mahali moshi utakoma kutoka. Weka alama. Mara nyingi ni sentimita 10 hadi 15 tu. Kisha funga bati la kudumu hapo, au inua sakafu ya meko kwa safu mbili za matofali ya kuchoma. Matokeo ni yaleyale.

*Upepo unapovuma.* Dohani ni fupi au imepakana na kitu kirefu kuliko yenyewe. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi: kilele kiwe angalau sentimita 90 juu ya mahali dohani inapotokeza kwenye paa, na kiwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya nyumba iliyo ndani ya mita 3 kutoka hapo. Ukuta wa ghorofa la jirani au mkaratusi uliokua karibu unaweza kuirudisha hewa chini vilevile, hata kama dohani ilifanya kazi vizuri miaka kumi.

Kuna jambo ambalo vipimo vya vitabuni mara nyingi havilitaji. Kwenye mita 2,200 hivi, kimo cha Limuru, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa au Tanga. Dohani inavuta kwa tofauti ya uzito kati ya hewa ya ndani yake na ya nje, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi, mvuto nao unapungua. Mita 4.5 kutoka sakafu ya meko hadi kilele ndicho kiwango cha chini kinachokubalika kwa jumla. Huku juu ongeza nusu mita hadi mita nzima kabla hujaanza kulaumu mambo mengine.

Kwa jiko la kuni la kujengwa, mkosaji wa kwanza ni sufuria. Sufuria isiyokaa sawasawa kwenye tundu la jiko huacha mwanya, na dohani inavuta hewa baridi ya jikoni badala ya moshi. Mkosaji wa pili ni kona ya chini, pale bomba linapoungana na jiko: majivu mepesi hutua hapo na kujaa polepole. Jiko linalopikiwa kila siku likaguliwe kona hiyo kila wiki. Mlango wa kusafishia ukiwa haupo, mwambie fundi autoboe. Ni bati dogo la kutelezesha, na bila hilo hakuna atakayesafisha.

Lami nyeusi inachuruzika kwenye maungio ya bomba

Tazama kiungo chenyewe kwa karibu. Ikiwa bomba la juu limevaa bomba la chini kwa nje, kama kofia, lami inayoteremka kwenye ukuta wa ndani hukutana na mwanya na kutokea nje. Unaona mstari wa kahawia unaong'aa ukishuka hadi kwenye jiko, na ukutani kuna matone yasiyotoka kwa sabuni. Bomba la juu linatakiwa liingie *ndani* ya lile la chini. Mafundi bati wengi hukataa, wakisema mvua itaingia. Mvua huzuiwa na kofia ya juu na bati la paa. Kiungo cha ndani ya nyumba kazi yake ni kuirudisha lami motoni ikaungue. Kila kiungo kifungwe kwa skrubu tatu zilizogawanywa sawa kuzunguka bomba. Kubana kwa waya peke yake hakutoshi, kwa sababu dohani ikishika moto ndani hutikisika.

Kugeuza bomba kutaondoa uchafu ukutani, lakini lami bado inatengenezwa. Swali la kweli ni kwa nini moshi unapoa kiasi hicho. Bomba refu lililo nje ya nyumba, kona nyingi, au kipande kinacholala karibu sawa na sakafu: vyote hivyo huupoza. Kona zisizidi mbili, na kipande cha kulala kiinuke angalau sentimita 2 kwa kila mita. Kama hayo yako sawa, basi kosa liko kwenye kuni.

Masizi: ya unga, ya magamba, au ya kioo

Chukua msumari wa inchi nne, ingiza mkono kwenye mlango wa kusafishia au juu ya koo, na ukwangue. Msumari utakwambia.

Unga mkavu unaoanguka kama vumbi la kahawa ni masizi ya kawaida. Unatoka kwa brashi. Magamba meusi yanayong'aa kidogo na kuvunjika kama maganda ya karanga ni dalili kwamba moto wako unanyimwa hewa au kuni hazijakauka. Brashi ngumu bado inaweza. Tabaka gumu, jeusi, linalong'aa kama kioo, ambalo msumari unateleza juu yake, ni lami ya moshi iliyoganda, ile ambayo mafundi wengine huiita kreosoti. Hiyo ni kuni iliyopakwa ukutani mwa dohani yako, nayo ikiwaka huungua kwa joto linaloweza kupita nyuzi 1,000 za selsiasi. Usiwashe moto tena. Brashi haitaitoa, na kuipiga kwa mnyororo kunavunja vigae vya ndani. Inahitaji fundi mwenye vifaa vyake, au bomba libadilishwe.

Kipimo cha unene: milimita 3 popote ndani ya dohani, safisha. Hiyo ni kama sarafu mbili zilizobebana. Na kama ni lami ya kioo, usisubiri unene wowote.

Lami hii hutokea moshi unapogusa ukuta ulio chini ya nyuzi 120 hivi. Mvuke na mafuta ya kuni huganda hapo kama jasho kwenye chupa baridi. Vitu viwili hulifanya hilo kila siku. Cha kwanza ni kuni mbichi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yapata nusu ya uzito wake, na moto unatumia joto lake kuyachemsha maji hayo kabla ya kukupasha wewe. Kuni nzuri ina maji chini ya asilimia 20. Mkaratusi upasuliwe ukiwa bado mbichi, maana ukikauka mzima unakuwa mgumu kama chuma. Vipande vyenye unene wa sentimita 8 hadi 15 vipangwe juu ya magogo visiguse ardhi, juu vifunikwe bati, pembeni paachwe wazi kwa upepo. Mwaka mmoja ni salama. Miwati na mgrevilea vipande vyembamba huweza kuwahi zaidi. Kama huna kipimo cha unyevu, chagua vipande vitatu, viandike namba, uvipime kwenye mizani kila wiki mbili. Uzito ukiacha kupungua, kuni zimekauka.

Watu hubishana sana kuhusu msonobari, kwamba utomvu wake unaziba dohani. Msonobari mkavu unaoungua kwa moto mkali una nafuu kuliko mkaratusi mbichi unaofuka moshi. Tofauti ni maji, si jina la mti.

Cha pili ni kuufukia moto usiku: gogo kubwa juu, hewa inazibwa, ili asubuhi kuwe na makaa. Moto unaofuka kwa muda wa saa nane bila ulimi wa moto hupeleka lami nyingi juu kuliko siku nzima ya kupika. Washa moto mdogo, mkali, uishe. Ukitaka joto la asubuhi, weka vijiti vikavu tayari.

Plastiki, mifuko, mbao zilizopakwa rangi au dawa visiingie mekoni. Baadhi ya plastiki hutoa asidi ya hidrokloriki inayokula bati kutoka ndani, na dohani inatoboka mwaka ambao ingali inaonekana mpya kwa nje.

Namna ya kusafisha

Meko ya sebuleni isafishwe angalau mara moja kwa mwaka, mwezi wa Mei ni mzuri, kabla ya baridi ya Juni hadi Agosti. Bomba la jiko la kila siku likaguliwe kila mwezi mwanzoni. Baada ya miezi mitatu utajua lenyewe linachukua muda gani kufikia zile milimita 3.

1. Moto uwe umezimwa saa 24. Toa majivu yote kwenye debe la chuma lenye mfuniko, ulipeleke nje mbali na ukuta wa mbao. Makaa yaliyofunikwa na majivu hukaa hai siku kadhaa. Ndoo ya plastiki au gunia ni kuunguza nyumba kwa mkono wako.
2. Ziba mdomo wa meko kwa turubai au shuka mbichi iliyobandikwa pembeni zote. Masizi yakitawanyika sebuleni, utayafuta mwezi mzima.
3. Vaa barakoa inayobana, miwani, mikono mirefu. Masizi si uchafu wa kawaida: tangu mwaka 1775 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliyahusisha na saratani ya ngozi ya korodani kwa wasafisha dohani. Oga na ufue nguo siku hiyohiyo.
4. Juu ya mabati kanyaga kwenye mistari ya misumari, pale penye papi chini yake, na usipande yakiwa na umande. Ngazi ifungwe juu kwa kamba. Kama paa ni kali au huna mtu wa kushika ngazi, safisha kutoka chini kwa fito za kuunganisha.
5. Tumia brashi yenye ukubwa sawa na tundu: ya waya kwa matofali, ya nailoni kwa bomba la bati au chuma kisichoshika kutu. Ikikosekana, gunia la katani lililojazwa nyasi kavu na jiwe la kilo 2 au 3 linafanya kazi, mradi lifungwe kamba mbili, moja ya mtu wa juu na moja ya mtu wa chini. Kamba moja tu, na gunia likikwama, umejizibia dohani mwenyewe.
6. Pitisha mara kumi hadi kumi na tano juu na chini. Mwisho safisha rafu iliyo nyuma ya koo, ile sehemu tambarare isiyoonekana kutoka mekoni. Ndoo nzima ya masizi inaweza kuwa imetulia hapo.
7. Piga video kwa simu iliyofungwa kwenye ufito na taa ikiwa imewashwa, toka chini hadi juu, uihifadhi. Mwaka ujao utailinganisha.

Mngurumo kama wa lori linalopanda mlima

Dohani imeshika moto. Dalili nyingine: cheche au ndimi za moto juu ya kofia, bomba linalokuwa jekundu au kutikisika, harufu kali ya lami. Wakati mwingine moto ni wa polepole, hauna kelele, na hugunduliwa baadaye kwa masizi yaliyofura kama sponji na kofia iliyopindika.

Toa watu nje. Piga simu: Tanzania 114, Kenya 999 au 112. Kama unaweza bila kujihatarisha, funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa. Moto wa dohani hula hewa kutoka chini. Kwenye meko iliyo wazi, mwaga mchanga mkavu au tumia kizima moto cha unga kuua moto wa mekoni. Usimwage maji ndani ya dohani. Maji yakigusa vigae au matofali yaliyo kwenye joto hilo yanageuka mvuke kwa ghafla na kuvipasua, na moto unapata njia ya kuingia kwenye kenchi. Maji yanafaa kulowesha paa na mbao za jirani. Hata moto ukizimika wenyewe, mtu apande darini kila nusu saa kwa saa kadhaa akishika mbao zilizo karibu na dohani kwa mgongo wa mkono. Na dohani isitumike tena mpaka ikaguliwe yote.

Mbao za dari zimegeuka kahawia mahali bomba linapopenya

Kasoro hii ina subira. Mbao inayopashwa joto kila siku kwa miaka hubadilika polepole kuwa kitu karibu na makaa, na joto linalohitajika kuiwasha hushuka. Ndiyo maana nyumba inaweza kuungua mwaka wa nane kwa moto uleule uliowashwa kila jioni.

Bomba la bati la ukuta mmoja likae sentimita 45 kutoka mbao, dari ya plaiwudi, pazia au chochote kinachoungua. Dohani ya matofali iachiwe angalau sentimita 5 kati yake na kenchi, na nafasi hiyo isijazwe kitu kinachoungua. Kwa bomba lililokwishawekwa karibu mno, kata dari kuzunguka hadi umbali huo, uzibe kwa bati, na papi zinazokatwa zifungwe kwa fremu. Njia nyingine ni kuweka bomba la kuta mbili lenye pamba ya mawe katikati kwa sehemu inayopita darini, ukifuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Silikoni ya kawaida na lami ya paa zisigusane na bomba, zote huharibiwa na joto.

Hapohapo tazama bati lenyewe. Fundi akitumia mabaki ya bati la paa la geji 30, unene wake ni yapata milimita 0.3, na lenyewe litatoboka mapema. Geji 24 ni karibu maradufu. Namba ikipungua, bati linanenepa. Wauzaji wengine hutegemea mnunuzi asijue hilo. Na mita ya kwanza kutoka kwenye jiko isiwe bati la zinki kabisa, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na mvuke wake hudhuru mapafu. Weka bomba la chuma cheusi lenye unene wa milimita 2.

Harufu ya moshi wa kale wakati wa masika, madoa ukutani

Harufu bila moto ni masizi yaliyolowa. Maji yameingia. Yakichanganyika na masizi yanakuwa asidi hafifu inayokula chokaa ya maungio na bati.

Rangi ya doa inasaidia. Jeupe la unga kama chumvi ni maji yanayopita ndani ya matofali na kuacha chumvi yake juu. La kahawia ya chai nzito ni lami inayopenya; hapo kuta za ndani za dohani zimepasuka, soma sehemu inayofuata. La kijivu lenye ukungu, karibu na paa tu, ni bati la kukinga maji pale dohani inapotokeza.

Bati hilo likiwa limebandikwa tu kwa saruji juu ya tofali, litabanduka. Linatakiwa liingie kwenye mfereji wa sentimita 2 hadi 3 uliochimbwa kwenye kiungo cha matofali, kisha mfereji uzibwe. Kilele kifunikwe kwa zege lenye mteremko kwenda nje, lililotokeza sentimita 5 na mfereji mdogo chini yake ili maji yadondoke, yasirudi ukutani. Maungio ya juu ya paa yaliyolika yakwanguliwe sentimita 2 kwenda ndani na kuzibwa kwa mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Saruji tupu ni ngumu kuliko tofali; hupasuka badala ya kulegea.

Vipande vya kigae mekoni

Vipande vyekundu vya udongo uliochomwa, bapa, vyenye masizi upande mmoja, ni vigae vya ndani ya dohani. Usiwashe moto. Kama hakuna vipande ila una shaka ya nyufa, fanya jaribio la moshi siku isiyo na upepo. Washa moto mdogo, uweke majani mabichi mpaka dohani ijae moshi mzito, kisha mtu wa juu afunike kilele kwa gunia lililolowa maji. Ziba mdomo wa meko kwa turubai lililolowa. Mwingine apite dari na vyumba vyote vilivyopakana na ukuta ule akiwa na tochi. Moshi unaojitokeza kwenye kiungo, nyuma ya kabati au kati ya kenchi ndio ufa wako. Weka alama kwa chaki, dakika tano zatosha, kisha fungua juu na madirisha yote.

Ufa mdogo ndani ya meko, unaofikiwa kwa mkono, huzibwa kwa saruji ya kustahimili moto. Kwa jiko la udongo, udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu unafaa kuliko saruji ya kawaida, ambayo joto huimomonyoa. Ufa ulio juu, usiofikika, haupakwi kitu. Dawa yake ni kuteremsha bomba la chuma kisichoshika kutu ndani ya dohani yote, kuanzia koo hadi kilele.

Mlio ndani ya dohani isiyowashwa

Dohani iliyokaa tangu Septemba bila moto ni mzinga mzuri. Nyuki wakiwa ndani, usiwachome. Nta huyeyuka, huchuruzika na kuwaka, na nyuki walionusurika watashuka sebuleni. Mwite mrinaji, afanye kazi jioni, na baada ya asali kutolewa masega yote yakwanguliwe, kwani harufu ya nta iliyobaki huita kundi jingine msimu ujao. Viota vya ndege hutolewa kutoka juu, si kwa kuvisukuma chini vikakwama kooni.

Kisha weka kofia. Iwe juu ya tundu kwa angalau nusu ya kipenyo cha bomba, pembeni iwe na wavu wa matundu ya milimita 12 au zaidi kidogo. Wavu wa chujio la mbu huziba kwa masizi upesi sana, na moshi unarudi chumbani. Wavu wa milimita 12 hauwezi kuzuia nyuki, kwa hiyo kabla ya moto wa kwanza wa Mei, weka sikio mekoni asubuhi kukiwa kimya.